Radi Apite Bila Kuvuta

Mbweni, Dar es Salaam
Jumapili, 12 Novemba 2023

Mama Asifiwe,

Barua hii ikukute na miguu mikavu, kama mvua za Kyela zimekubali. Naandika kwa sababu simu ya mama siiwezi. Kila nikipiga anaweka spika, na nikitamka neno moja la mume kwa mkewe nasikia watu watano wanakohoa. Bahasha nampa Valerian, kondakta wa basi, ataishusha stendi.

Nianze na kazi. Asubuhi na jioni namtembeza mbwa wa Madam Monica, yule mama wa benki anayekaa peke yake. Mchana nilikuwa nabeba zege kwenye majengo mapya ya huku. Zege nimepumzika kwanza. Uchovu tu, usiwaze.

Mbwa anaitwa Radi. Ni wale wa kijerumani, ana kilo arobaini, kichwa kama ndoo. Wezi waliingia mwaka jana wakabeba hadi mtungi wa gesi, ndiyo Madam akamnunua. Kutwa yuko bandani. Geti likifunguliwa anatoka kama maji ya bomba lililopasuka, mie nyuma naning'inia kwenye kamba. Mafundi wananipigia kelele, "Oya Isack, leo nani anamtembeza mwenzake?" Nacheka, kwa sababu ni kweli.

Sasa sikia balaa. Madam kaletewa na dada yake kitu kama hatamu ya punda, mikanda miwili laini. Mmoja unapita juu ya pua, mwingine nyuma ya masikio, na kamba inafungwa chini ya kidevu. Akaniambia, "Isack, nasikia ukimvalisha hiki havuti tena." Zaidi ya hapo na yeye hakujua. Mie nikaona ni kifaa cha kumfunga mdomo asing'ate. Basi Ijumaa nikamvalisha, nikakaza kama tunavyokaza kamba za nira, nikatoka naye hapo hapo. Alipovuta nikampiga mshtuo mmoja wa nguvu, kama ninavyomfanyia maksai akitoka kwenye mfuo.

Mke wangu, mbwa alijitupa chini. Akasugua uso mchangani, akajiviringisha mara mbili, hatamu ikachomoka. Mbele yetu alikuwa Mzee Abdulsamad, mwenye duka la kona, kanzu nyeupe, ametoka kutia udhu anakwenda swala ya Ijumaa. Radi akamrukia kwa furaha zake, akamlamba kanzu kuanzia gotini mpaka kiunoni.

Sisi wa Moravian hatuna shida na mate ya mbwa. Kwao ni najisi. Kanzu ile inaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hakunitukana. Bora angenitukana. Alisema tu, "Kijana, miaka thelathini na moja sijakosa Ijumaa," akarudi ndani kujiosha, na swala ikampita.

Jioni akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Uamuzi ni kwamba Ijumaa ya tarehe 15 Desemba mwenyekiti atakuja mwenyewe kutazama. Radi akinivuta hata mara moja kuelekea watu, anaondolewa mtaani. Na mbwa akiondoka, Madam hana sababu ya kuniweka. Amesema hivyo kwa upole, lakini amesema.

Rogers amefika wapi na kulima? Mwambie mdogo wangu asiwachape maksai.

Mumeo,
Isack


Ipinda, Kyela
20 Novemba 2023

Baba Asifiwe,

Valerian kaleta bahasha akadai soda. Nimeisoma mara tatu, na ya tatu nimecheka mpaka mama akauliza umeandika nini. Nimemwambia umeokoka upya.

Kuna kitu sijacheka. Uliacha shule darasa la tano, lakini herufi zako zilikuwa zinasimama kama askari wa gwaride. Hizi zimelala kama zimelewa. Umeandika kwa mkono gani?

Kulima kunakwenda. Tuna maksai mpya, yule mwekundu wa baba mdogo, tumemfunga nira moja na mzee wetu mweusi. Mwekundu alikuwa anavuta mpaka anatoa povu. Aliyeshika kamba mbele alivutana naye siku mbili, viganja vikatoka malengelenge. Siku ya tatu akaacha kuvutana. Mwekundu akivuta, yeye anasimama. Hapigi, hasemi. Kamba ikilegea, wanakwenda. Asubuhi nzima walipiga mifuo miwili, watu wa mashamba ya jirani wakawa wanauliza kama tunalima au tunapiga picha. Wiki hii hawaulizi. Ng'ombe yule ukivutana naye anadhani ndiyo kazi aliyoletewa. Na mbwa wako anadhani hivyo hivyo, mimi naona.

Halafu nikuulize. Wewe na Madam mmetazama mbwa, mkatazama na hatamu. Nani ametazama kanzu? Umekwenda kumwomba mzee wa watu radhi, au unapita upande wa pili wa barabara umeinamisha kichwa? Nakujua.

Asifiwe anakusalimia. Ameng'oka jino la mbele.

Mkeo,
Sekela


Mbweni
27 Novemba 2023

Mama Asifiwe,

Kweli nilikuwa napita upande wa pili. Baada ya barua yako nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbwa yuko wapi?"

"Bandani, mzee."

"Basi sogea, tusizungumze kama watu wa ng'ambo mbili za mto."

Nikasema nimekuja kuomba radhi, ya kanzu na ya Ijumaa. Akanitazama juu ya miwani. "Ya kanzu nimekusamehe, sabuni ninauza mwenyewe. Ya Ijumaa si yangu kuisamehe." Halafu akapima sukari ya mteja, akaifunga, akanigeukia tena. "Wewe mbwa humjui. Nyuma ya visima kuna mama mmoja, Filomena. Alikuwa askari, kazi yake mbwa, sasa amestaafu. Miaka saba anapita hapa na mbwa wawili, na mimi sijawahi kuinua kanzu. Nenda kwa huyo."

Yaani mzee aliyenishtaki ndiye aliyenionyesha njia. Nimemtazama tofauti tangu siku hiyo.

Nilikwenda na Radi, yaani Radi alikwenda na mie. Sijui nikueleze vipi huyu mama. Ni mfupi, ananifika kifuani. Mguu wa kushoto unavuta kidogo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, hakuinuka.

"Wewe ndiye unayekosesha watu Ijumaa?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Hii hatamu umemvalisha au umemnyonga?" Akapitisha kidole chini ya mkanda wa pua, kidole kikakataa kupita. "Mbwa hatoki jasho kama wewe. Joto lote analitolea mdomoni. Ukimfunga mdomo kwa jua hili la Dar, unamuua na mshahara unadai."

Akalegeza. Radi akafungua mdomo, ulimi ukatoka mrefu kama soksi. Kumbe hatamu hii haifungi mdomo kabisa. Anakula nayo, anakunywa, anabweka, hata kung'ata anaweza. Kazi yake ni nyingine. Mama akanieleza kwamba nguvu ya mbwa iko kifuani na shingoni, ndiyo maana mkanda wa shingoni unamsaidia kuvuta. Puani hana nguvu. Kamba ikiwa chini ya kidevu, akivuta pua yake mwenyewe inamgeuza, anajikuta anakutazama wewe. Hakuna anayemshinda. Anakuta tu njia ya kuvuta haimfikishi popote.

"Na ole wako umpige mshtuo tena," akasema. "Shingo ile si mpini wa jembe. Kamba iwe fupi, imelegea. Ukimpa kamba ndefu akakimbia mpaka mwisho wake, kichwa kitageuka ghafla na shingo utaiumiza."

Kisha akaishika kamba kwa vidole viwili. Viwili, Sekela, na chai bado iko mkono wa pili. Akainuka akatembea kwa ule mguu wake. Radi akavuta, mama akasimama. Kamba ikalegea, mama akasema "vizuri", akampa kipande cha ini, wakaenda. Akavuta, akasimama. Mara sita au saba hivi. Mara ya nane mbwa yule, ambaye mie ananiburuza kama gunia, alikuwa anatembea kando ya goti lake huku anamtazama usoni kama anayesubiri kuambiwa habari njema. Sijawahi kuona mtu anafanya kazi yake vile. Nimeona mafundi wakubwa, nimeona kreni zinainua nondo. Hakuna kilichonishika kama hicho.

Nikamwambia mke wangu aliniandikia jambo hilo hilo la kusimama, kuhusu ng'ombe. Akauliza, "Amesomea wapi?" Nikasema shambani. Akasema, "Huyo ningemwajiri."

Sasa ameniagiza nisitoke nje na hatamu siku tano. Nashika kitanzi, nyuma yake naweka ini, Radi anaingiza pua mwenyewe. Halafu anavaa wakati wa kula tu. Halafu uani. Ndiyo nije barabarani.

Herufi zimelala kwa sababu naandikia godoroni.

Isack


Ipinda
4 Desemba 2023

Baba Asifiwe,

Godoroni! Valerian jana kanikuta stendi akauliza, "Shemeji, bega la Isack limepona?" Nikabaki nimeshika debe la mafuta kama mtu aliyesahau jina lake. Nikajifanya najua, ili aendelee. Ndiyo nikasikia kwamba tangu Oktoba mkono wako wa kulia umefungwa kitambaa shingoni, kwamba mbwa alikuburuza kumfuata mbuzi ukaangukia karo la maji, bega likatoka mahali pake. Kwamba zege hukupumzika, ulirudishwa nyumbani. Na mimi nakaa hapa nakuchekea mwandiko!

Nimekasirika siku nzima. Jioni nikagundua sina ruhusa ya kukasirika sana, na nikueleze sababu.

Rogers hayupo. Aliondoka mwishoni mwa Septemba kwenda machimbo ya Chunya, hakuaga hata mama. Hukuambiwa kwa sababu ungepanda basi kesho yake, na kazi ungeiacha. Aliyelima ni mimi. Aliyeshika kamba ya mwekundu mbele ni mimi, malengelenge ni yangu, na waliokuwa wanachekwa na mashamba ya jirani ni mimi na dada yangu Atuganile, aliyeshika plau huku amefunga kitenge kiunoni mara mbili. Tumebakiza robo eka upande wa mtoni. Mama anasema katika ukoo wenu hajaona mwanamke akilima na ng'ombe. Sasa ameona.

Basi tumedanganyana wote. Tuache.

Bega uliambiwaje hospitali? Andika ukweli. Na hiyo Ijumaa, kumshika mbwa kwa mkono mmoja utaweza?

Sekela


Mbweni
10 Desemba 2023

Mama Asifiwe,

Ukweli ni huu. Bega lilirudishwa mahali pake siku ile ile, na nimeambiwa nisinyanyue kitu kizito miezi mitatu. Karai la zege siwezi hata tupu. Kwa hiyo kazi niliyobaki nayo Dar nzima ni Radi. Nilificha kwa sababu niliona aibu. Mwanaume niliyekuja kujenga ghorofa, nimeangushwa na mbwa akifuata mbuzi.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikarudia nimekaa. Nimewasomea mafundi ile sehemu ya mwekundu. Mmoja anaitwa Ansbert, Mhaya, mdomo wake haujawahi kukosa la kusema. Alishusha karai lake, akasema, "Braza, huko kwenu rudi kwa heshima." Nimekuoa miaka tisa, na bado kuna upande wako sikuujua.

Namshika Radi kwa mkono wa kushoto, na kuna kitu nimekiona. Mkono wa kulia ulikuwa na nguvu ya kujibu, nikazoea kujibu, na Ijumaa ile ya kanzu nikajaribu hata kwa wa kushoto. Huu wa kushoto hauwezi kuvutana, kwa hiyo nasimama. Mama Filomena anasema bega limenifundisha haraka kuliko yeye.

Kuku tunapita. Pikipiki tunapita. Alhamisi tumepita dukani mara nne, duka likiwa limefungwa. Mbuzi bado. Paka usiniulize.

Imebaki siku tano. Niombee, na usimwambie mama aweke spika.

Isack


Mbweni
Jumapili, 17 Desemba 2023

Mama Asifiwe,

Mwenyekiti alikuja Ijumaa saa sita na nusu, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la Mzee Abdulsamad. Saa hiyo aliichagua makusudi, watu wanakwenda msikitini. Habari zilishaenea. Mafundi waliacha kazi. Madam Monica aliomba ruhusa benki, akasimama getini anang'ata kucha. Mama Filomena alikuja na kigoda chake, akakaa ng'ambo, akaniambia jambo moja tu: "Usimtazame mwenyekiti. Mtazame mbwa."

Tukatoka. Hatua kama thelathini Radi alikwenda vizuri, kamba imelegea inaning'inia kama tabasamu. Watu wa kanzu walijitenga pande zote. Mzee Abdulsamad naye alitoka dukani, tayari kwenda, akasimama kizingitini. Hakujificha ndani, na angeweza.

Hapo hapo paka wake wa dukani akachomoka chini ya magunia, akapita katikati ya miguu ya mzee.

Radi akaruka. Pua ikageuka, mwili ukafuata, akajikuta ananitazama mie. Akajaribu tena. Mie nimesimama. Kati yake na ile kanzu palikuwa na hatua mbili, labda na nusu. Mwenyekiti akainuka, "Mvute! Mvute basi, we vipi!" Mafundi nao, "Vuta braza!" Hata Madam nikasikia sauti yake. Mtaa mzima unaniambia vuta.

Nikasema, "Hapana, mwenyekiti. Namsubiri."

Sekela, sijui ilikuwa muda gani. Jasho liliniingia machoni sikulifuta. Radi alitazama paka, akanitazama, akatazama paka. Halafu nikaona kamba inalegea, kidogo, kidogo, mpaka ikashuka kabisa. Akakaa chini. Mwenyewe. Nikasema "vizuri", nikampa kipande cha ini.

Mzee Abdulsamad hakuwa amesogea. Akauliza, "Umemfunga mdomo?"

"Hapana mzee, mdomo uko huru."

Radi akapiga mwayo mrefu, meno yote nje. Mzee akarudi nyuma hatua moja, halafu akacheka. Nilikuwa sijui kama huwa anacheka. "Kumbe alikuwa na uwezo wote huo," akasema, "na amekaa." Akakunja kanzu kidogo, akazunguka kwa mbali, akaenda kuswali.

Mwenyekiti alisema uamuzi atautoa baada ya kumsikia mlalamikaji. Usiku ule na Jumamosi mpaka jioni sikula. Madam naye hakula. Ndipo barua ikaletwa. Ameiandika mzee kwenda kwa mwenyekiti, nakala kwa Madam na nakala kwangu, kila mtu na bahasha yake. Nakunakilia:

"Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Baada ya salamu na heshima, mimi Abdulsamad, mwenye duka la kona, niliyeleta malalamiko juu ya mbwa wa Bi Monica, ninayaondoa. Nililalamika kwa haki na sijutii. Mbwa aliyetufikia mwezi uliopita hakuwa na adabu. Huyu wa jana anayo. Ninaomba sharti moja. Siku ya Ijumaa, kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, mbwa asipite upande wa duka na msikiti. Saa nyingine barabara ni ya wote.

"Kuhusu kijana Isack, ambaye nasikia angeondolewa pamoja na mbwa. Jana nilisimama mbele yake, na nikiri kwamba niliogopa. Mtaa mzima ulimwamrisha avute, na wewe mwenyekiti ukiwamo, naye ana mkono mmoja tu mzima. Hakuvuta, hakupiga, hakufoka. Alisubiri mpaka mnyama akaamua vema. Nimeajiri watu dukani kwa miaka mingi na nimefoka sana. Usiku nimelifikiria jambo hili. Kijana huyu abaki."

Mwisho wa kunakili. Mwenyekiti amepiga muhuri leo asubuhi baada ya ibada, Madam amesema kazi ni yangu.

Nina miaka sita Dar, Sekela. Jina langu limeandikwa kwenye daftari la vibarua, na siku nyingine hata humo hulikuti. Nilipofika kwenye lile neno la mwisho la mzee niliweka kalamu chini, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka nilipoweza kurudi kuliandika.

Mumeo,
Isack